Skrubu Mbili Zinazong'aa: Maneno kwa Mafundi Vijana Kuhusu Sensa ya Throto

Ndugu mwenyekiti, mafundi wakubwa mliokaa mbele, shikamooni. Wadogo zangu mliosimama kule nyuma kwa sababu viti havikutosha, poleni. Nitajitahidi nisiwachoshe miguu.

Mwenyekiti aliponipigia simu aliniomba nije nizungumzie mfumo wa umeme wa gari. Nikamwambia, mwenyekiti, hiyo ni bahari, na wewe unanipa dakika 40. Niache nichimbe kisima kimoja. Basi nimechagua kitu kinachoingia kiganjani, kinachofungwa kwa skrubu mbili, ambacho kwa niliyoyaona mimi gereji kimeharibiwa na mikono yetu mara nyingi kuliko kilivyojiharibikia chenyewe. Ni sensa ya throto, ile mnayoiita TPS, inayoiambia kompyuta ya injini mlango wa hewa, yaani throto, umefunguka kiasi gani. Tulihesabiwa wote Agosti 2022, kwa hiyo msiogope, sensa hii haihesabu watu.

Nianze kwa kukiri kosa, kwa sababu hapa mbele yupo mzee mmoja anayelijua, na nisipolisema mimi atalisema yeye.

Nilikuwa nimeruhusiwa juzi tu kushika gari la mteja bila kusimamiwa. Akaja mwalimu mmoja na Corolla 100 yake. Tatizo lake lilikuwa dogo: akiwasha AC, sailensi, yaani mzunguko wa injini mguu ukiwa haujakanyaga mafuta, inashuka mpaka gari linataka kuzima. Nikafungua boneti. Nikaiona sensa ya throto, nyeusi, imetulia ubavuni mwa throto na skrubu zake mbili. Nilishawahi kumwona fundi mwenzangu akiizungusha sailensi ikapanda. Nikachukua bisibisi ya nyota, nikalegeza, nikaizungusha kidogo injini ikiwa inanguruma. Sailensi ikapanda, ikatulia. Nikakaza. Mwalimu akawasha AC, gari halikutikisika. Akanilipa, akaongeza na ya soda.

Baada ya wiki mbili akarudi. Gari linakunywa mafuta. Halafu ukiachia pedeli kwenye mteremko, linaendelea kukimbia kama kuna mtu analisukuma. Nikamwambia abadilishe plagi. Akabadilisha. Akaenda kwa fundi mwingine, akaambiwa waya za plagi. Akaenda kwa wa tatu, akaambiwa sensa ya oksijeni, ile ya kwenye egzosi, akanunua. Mwisho akaangukia kwa mzee aliyenifundisha kazi.

Mzee hakushika chombo chochote. Alifungua boneti, akainama, akaniita. "Hebu tazama hapa unieleze." Injini yote ilikuwa imevaa vumbi lililoshikana na oili, vumbi la miaka. Throto nzima ni nyeusi. Lakini vichwa vya skrubu mbili vilikuwa vinang'aa kama meno ya mtoto. Hakuniuliza tena. Akanipa kitambaa, akanipa dawa ya kusafishia kabureta, akanielekeza kwenye valvu ya sailensi iliyokuwa imejaa masizi. Nusu saa ya kusafisha. Huo ndio ulikuwa ugonjwa tangu siku ya kwanza, na mimi nilikuwa nimeufunika kwa kuidanganya kontroli boksi, ile kompyuta ya injini.

Tangu siku ile nikifungua boneti ya gari la mgeni, kabla sijamuuliza mteja swali, natazama zile skrubu mbili.

Sasa tuelewane kitu chenyewe kinafanyaje kazi. Nani hapa amekulia kwenye nyumba yenye redio ya mkulima? Mikono juu. Mnakumbuka ile nobu ya sauti? Ikizeeka, ukiizungusha inakwaruza, krrr, krrr. Na haikwaruzi kila mahali. Inakwaruza pale pale ambapo baba alizoea kuiweka akisikiliza taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Ukipandisha sana, safi. Ukishusha sana, safi. Pale katikati ndipo ilipoliwa.

Sensa ya throto ya kizamani ni nobu ile ile. Ndani kuna njia ya kaboni iliyopindwa nusu duara, na juu yake kinateleza kidole cha chuma kilichoshikana na ekseli ya kipepeo cha throto, kile kibamba kinachofungua na kufunga njia ya hewa. Kontroli boksi inapeleka volti 5 upande mmoja. Kwenye Toyota pini hiyo inaitwa VC. Upande wa pili ni hasi yake, E2. Kidole kinapotembea katikati kinachota sehemu ya zile volti 5 na kuzirudisha kwenye pini ya VTA. Kipepeo kikiwa kimefungwa, jibu ni kama nusu volti. Dereva akikanyaga mpaka mwisho, jibu linafika karibu volti 4 au zaidi.

Kwa nini isianze na sifuri na kuishia na 5? Hapa ndipo naona akili ya waliotengeneza. Sifuri kamili na 5 kamili wamewaachia maradhi. Waya wa VTA ukikatika au ukigusa bodi, kontroli boksi inaona sifuri. Hasi ikikatika, inaona karibu 5. Kwa hiyo kila kitu kilicho nje ya ile nafasi ya katikati ni ugonjwa, na ndiyo maana mashine za kupimia zina namba za ugonjwa, zile tunazoziita kodi: P0122 kwa volti zilizo chini mno na P0123 kwa zilizo juu mno. Ile P0121 ndiyo inayosumbua, maana volti zipo ndani ya nafasi yake, lakini hazilingani na habari zinazotoka kwa sensa nyingine, kama ile ya hewa.

Kwenye Toyota nyingi za miaka ya 1990 kuna pini ya nne, IDL. Hiyo haina hesabu ya volti za kupanda na kushuka. Ni swichi. Ina neno moja tu la kusema: dereva ameachia mafuta. Msiidharau. Ikisema ukweli, kontroli boksi inashika sailensi yenyewe kupitia ile valvu; na ukiachia pedeli kwenye mteremko inakata mafuta kabisa kwenye nozeli mpaka mizunguko ishuke. Ndiyo maana ya gari la mwalimu kukimbia kama linasukumwa. Nilipoizungusha sensa, IDL haikugusa tena. Gari likawa linaamini muda wote kuna mguu juu ya pedeli, hata mwalimu akiwa kwenye foleni anasahihisha madaftari.

Na kuna jambo ambalo limewachanganya mafundi wengi wa taimingi, yaani wakati wa cheche ya plagi kuruka. Mnajua tunaunganisha pini za TE1 na E1 kwenye kile kiboksi cha boneti, halafu tunapiga taa ya taimingi tukitafuta digrii 10. Kama IDL haijagusa, kontroli boksi hairudi kwenye taimingi ya msingi. Wewe unaona namba ya ajabu, unalegeza distributa, unaizungusha. Sasa una makosa mawili, na la pili umeliweka mwenyewe.

Nimeshasema ya kutosha kuhusu mwili wa mgonjwa. Tumpime.

Kwanza, kodi. Kwa gari la zamani, unganisha TE1 na E1, washa swichi bila kuwasha injini, hesabu taa ya injini inavyopepesa. Ikipepesa mara 4, ikapumua, ikapepesa mara 1, hiyo ni 41, sensa ya throto. Kwa gari la OBD2, lile lenye soketi ya mashine ya kusoma kodi, unachomeka mashine. Lakini kodi inakutajia mtaa, haikutajii nyumba. 41 inaweza kuwa sensa, inaweza kuwa waya uliotafunwa na panya, inaweza kuwa soketi iliyojaa maji baada ya mtu kuosha injini kwa presha. Fundi anayesoma kodi na kukimbilia dukani anacheza bahati nasibu kwa hela ya mteja.

Pili, mita. Naomba mnisikilize vizuri. Usichomoe soketi bado. Pitisha sindano nyembamba kwa nyuma ya soketi, ifuate waya mpaka iguse pini. Usitoboe ngozi ya waya. Sisi tunaokaa karibu na bahari tunajua, ukitoboa leo, baada ya miezi michache shaba ya ndani imegeuka unga wa kijani, na gari linarudi na ugonjwa uliouzalisha wewe.

Swichi ON, injini haijawashwa. Pima VC na E2. Unataka volti 5, au karibu sana na hapo. Usipozipata, iache sensa kwanza, haina kosa bado. Fuata waya, na kumbuka kwamba volti 5 hizo mara nyingi zinagawiwa sensa zaidi ya moja. Nimewahi kukuta sensa ya vakyumu imeungua ndani na kuzivuta volti zote chini, na sensa ya throto ya watu ikabadilishwa mara mbili. Chomoa zile nyingine moja moja, tazama volti zinarudi lini.

Halafu pima hasi. Mshipa mmoja wa mita uweke E2, mwingine kwenye hasi ya betri. Isizidi sehemu ya kumi ya volti, na iliyo nzima iko chini zaidi ya hapo. Hasi mbovu inapandisha jibu la sensa juu, kontroli boksi inadhani dereva amekanyaga kidogo, na wewe unaizungusha sensa kurekebisha kosa la waya. Kipimo hiki ni cha sekunde 10, na sijui kwa nini tunakiruka.

Sasa hamia VTA. Hapa nataka mita ya mshale, ile ya kizamani mnayoicheka. Mita ya namba inapima, inakaa, inafikiri, ndipo inaandika. Kidole cha sensa kikiruka shimo dogo kwenye njia ya kaboni, mita ya namba inakuwa imeangalia pembeni. Mshale hauangalii pembeni. Fungua kipepeo kwa mkono taratibu sana, kama unayefungua mlango wa chumba alicholala mtoto mchanga. Mshale upande bila kusita kutoka nusu volti mpaka juu, halafu ushuke vile vile. Ukiona umetetemeka, umedondoka kidogo ukarudi, rudia mahali hapo mara 3. Ukidondoka tena pale pale, umempata mwizi.

Na mara nyingi utampata karibu na mwanzo, kipepeo kikiwa kimefunguka kidogo tu. Pale ndipo gari letu linaposhinda, kwenye foleni na kwenye mwendo wa mjini. Ni redio ya baba ile ile. Mteja wa aina hii atakuambia, fundi, gari likiondoka linashtuka, linamisi, halafu likishakolea linakwenda vizuri. Ukisikia hivyo, kabla hujagusa koili wala pampu ya mafuta, mpe sensa hii dakika 5.

Kama una osiloskopu, bora zaidi, utauona mdondoko umechorwa. Huna? Mita ya mshale inatosha. Na kama ugonjwa unakuja gari likiwa limepata moto tu, nina drayeri ya nywele niliyoinunua kwa dada wa saluni jirani. Wateja wakiiona kwenye kabati la spana wanacheka. Naipuliza sensa dakika chache huku naangalia mshale. Imeshanifichulia zaidi ya moja.

Kipimo cha mwisho kabla ya kushika bisibisi. Mwambie mtu aingie ndani akanyage pedeli mpaka mwisho, wewe ukiangalia mita. Usifungue kwa mkono, tumia pedeli. Utashangaa magari mangapi hayafiki juu. Kebo imelegea, au mteja amepanga kapeti 3 juu ya nyingine kwa sababu hataki la chini lichafuke. Analalamika gari halina nguvu mlimani, kumbe kipepeo hakijawahi kufunguka chote tangu anunue kapeti la tatu. Hiyo kazi ni ya bure, lakini itoze.

Ndiyo, nimesema itoze, na hili linanikera, niliseme. Mteja haoni shida kulipia sensa. Kitu kipya kimo kwenye boksi, anakiona, anakishika. Ukimwambia lipia saa moja ya kupima, anakuangalia kama tapeli. Basi na sisi tumejifunza kumuuzia vitu, ndiyo njia rahisi ya kulipwa. Mimi nimeanza kuandika kwenye risiti: kupima, kiasi fulani. Wa kwanza walinuna. Sasa wapo wanaokuja wakisema, fundi, nimekuja kupimwa. Ukipima na kukuta sensa nzima, umefanya kazi, na kazi ina bei.

Haya, tuseme umepima, njia ya kaboni ni nzima, umeme upo, hasi ni nzuri, ila sensa imekaa vibaya. Labda aliyekutangulia aliizungusha. Labda umeweka ya mtumba. Sasa turekebishe.

Kabla ya kulegeza chochote, chukua msumari mkali, piga mstari mwembamba unaovuka kutoka kwenye sensa hadi kwenye throto. Ukipotea, una njia ya kurudi. Halafu safisha kipepeo. Masizi yakijikusanya ukingoni, kipepeo hakifungi, na wewe utakuwa unapima kutoka mahali pasipo mwanzo. Usipulize dawa moja kwa moja kwenye ekseli upande wa sensa. Ikipenya inaosha grisi ya ndani. Kijana mmoja ameniuliza pale mlangoni kama inafaa kuipulizia dawa sensa yenyewe ili ipone. Haifai. Njia iliyoliwa haioti tena kwa kuoshwa.

Angalia kebo, iwe na ulegevu kidogo. Na ipo skrubu moja ndogo inayozuia kipepeo kisijikaze kwenye ukuta. Ile ilipangwa kiwandani, na mara nyingi ina rangi juu yake. Naomba, kwa heshima zote, muiache. Watu wanaigeuza kupandisha sailensi, na ukishaigeuza, vipimo vyote vya kitabu vinakosa mahali pa kuanzia.

Kwa ile yenye IDL tunatumia fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia mwanya, na mita ya ukinzani, soketi imechomolewa. Fila inaingia kati ya ile skrubu ya kuzuia na mkono wa throto. Nitatoa mfano wa Camry za mwanzo wa miaka ya 1990 zenye injini ya 5S-FE, maana kitabu chake ninacho. Unaweka fila ya milimita 0.60. Unalegeza skrubu mbili, unaizungusha sensa taratibu kwa mwelekeo wa saa, mita ikiwa kwenye IDL na E2, mpaka mshale uruke. Hapo hapo unakaza. Halafu unahakikisha: ukiweka fila ya 0.50, mita ionyeshe IDL inagusa. Ukiweka ya 0.70, isiguse kabisa. Tofauti kati ya kugusa na kutogusa ni moja ya tano ya milimita. Ndiyo maana kuizungusha kwa macho huku unasikiliza mngurumo ni sawa na kukata nguo ya harusi kwa panga.

Injini yako siyo 5S-FE? Basi usichukue namba zangu, tafuta za kwako. Fila za injini hazifanani hata ndani ya Toyota yenyewe.

Kuna mtego hapa ulionitesa siku nzima. Baadhi ya injini hizi zina kifaa kidogo cha vakyumu kinachosukuma throto ifunguke kidogo injini ikizimwa. Ukipima bila kukivuta kwa vakyumu, mkono wa throto hauji kukaa kwenye skrubu yake, na fila zako zote zinasema uongo. Nyingine zina nta inayofungua throto injini ikiwa ya baridi. Kwa hiyo kwanza hakikisha kwa macho kwamba mkono umegusa skrubu kweli. Mimi niliikosoa fila kutwa nzima, nikaenda kuazima nyingine kwa jirani, kumbe kosa ni mpira wa vakyumu wenye urefu wa kidole.

Kwa sensa isiyo na IDL, yenye pini 3 na matundu marefu ya skrubu, unapanga kwa volti. Soketi imechomekwa, swichi ON, kipepeo kimefungwa, unaizungusha mpaka upate namba ya kitabu, mara nyingi karibu na nusu volti. Kaza, kisha pima tena, kwa sababu skrubu inapokaza huwa inaivuta sensa. Kila mara. Kaza nusu, pima, malizia, pima.

Nimesema matundu marefu makusudi. Kama matundu ya sensa ni ya duara, yanaishika skrubu bila nafasi, aliyeitengeneza anakwambia hii haizungushwi. Kontroli boksi inajifunza yenyewe mwanzo uko wapi. Nimekuta sensa za aina hii zimepigwa tupa mpaka tundu likawa yai. Nimekuta moja imetobolewa kwa drili. Aliyefanya hivyo sijui ni nani, ila skrubu zake zilikuwa zinang'aa.

Ukimaliza, futa kodi. Kwa Toyota hizo chomoa fyuzi ya EFI zaidi ya sekunde 10. Washa, liache lipate moto, kisha nenda nalo barabarani. Kama ni otomatiki yenye gia boksi ya umeme, sikiliza gia zinavyobadilika. Gia boksi inasoma sensa hii hii kujua dereva ana haraka kiasi gani. Sensa ikisema throto imefunguka kuliko ilivyo, gia zinachelewa kupanda na injini inalia. Kuna watu wamefanyiwa gia boksi kwa pesa nyingi, na ugonjwa ulikuwa huu.

Sensa za mtumba nizipitie haraka. Sizikatai, sote tunakula hapo. Ila nenda dukani na mita yako. Pima mwisho hadi mwisho, kisha pima kidole ukiizungusha. Hesabu pini, tazama inazunguka upande gani. Muuzaji akikukataza kupima, mshukuru na uende.

Magari ya sasa ni habari nyingine, na hapa nawaomba mikono irudi mfukoni. Mark X, X-Trail zenye injini ya QR na nyingi zilizokuja baadaye hazina kebo ya mafuta. Pedeli ina sensa yake, throto ina mota na sensa yake, na kila sensa inatoa majibu mawili badala ya moja. Kontroli boksi inayalinganisha kila wakati. Yakitofautiana inatoa kodi, kama P2135, inakata umeme wa mota, na springi inaacha kipepeo wazi kidogo tu ili utambae mpaka pembeni mwa barabara. Sensa nyingi za siku hizi hazina hata kidole wala kaboni. Zinatumia sumaku, hakuna kinachogusana, kwa hiyo ule ukwaruzaji wa redio haupo.

Majibu mawili hayakuwekwa kwa urembo. Mnakumbuka malalamiko ya Toyota kukimbia zenyewe kule Marekani, 2009 na 2010? Serikali yao iliwaita mpaka NASA, watu wa kurusha vyombo angani, waje wafungue pedeli ya gari. Ripoti ilitoka Februari 2011. Hawakuona kosa la umeme linaloweza kuifungua throto kwa kiasi kikubwa. Lakini kwenye pedeli ya zamani, ile yenye njia ya kaboni kama ya redio yetu, walikuta nywele za bati, nyembamba kuliko unywele wako wewe, zimeota zenyewe na kuunganisha waya mbili za majibu. Nimeikumbuka ripoti hiyo kila ninapomwona kijana anaunganisha waya mbili za pedeli ili taa ya injini izime.

Throto hizi hazirekebishwi kwa bisibisi. Ukiisafisha au ukichomoa betri, sailensi inaweza kuyumba, unaifundisha upya. Nissan ina utaratibu wake wa kujifunza hewa ya sailensi, wenye hatua za kukanyaga pedeli kwa sekunde maalumu au kwa mashine. Fuata kitabu, siyo kumbukumbu. Na swichi ikiwa ON usitie kidole mle ndani. Mota ile haijui kidole ni nini, na ukiisukuma kwa nguvu unavunja meno ya gia zake za plastiki.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nimeona.

Pale nje chini ya mwembe kuna RAV4 ya zamani, 3S-FE, mwenyewe ameniruhusu tuishike. Inashtuka ikiondoka. Sijaifungua boneti, nimetaka tuifungue pamoja. Kitabu chake kiko mezani, fila ziko kwenye kile kikopo cha maziwa. Wewe kijana wa kofia nyekundu uliyecheka mita yangu ya mshale, njoo uishike. Wewe dada, ingia ndani ukae kwenye pedeli, na kwanza tuhesabie kapeti ziko ngapi.